Kitabu cha Wosia: Historia ya Matoleo ya Baadaye katika Parokia Yetu



Katika kitabu hiki cha Yubile wengine wameandika juu ya ujenzi wa kanisa, juu ya mapadri waliotutangulia, juu ya kwaya na juu ya mashirika yetu. Sisi tuliombwa na Baraza la parokia kuandika juu ya jambo ambalo halina picha. Ndani ya ofisi ya parokia, katika sanduku la chuma, pamoja na vitabu vya ubatizo na vya ndoa, kuna kitabu kimoja chenye jalada gumu, si kinene, na kurasa zake nyingi ni nyeupe bado. Humo mumeandikwa yale ambayo wakristu wa parokia hii wanataka yafanyike na sehemu ya mali yao nyuma ya kufa kwao, kwa faida ya Kanisa na ya maskini. Tunakiita Kitabu cha Wosia. Wakristu wengi hawajui hata kama kipo. Wengine wanakijua lakini wanakiogopa. Tumekubali kueleza ginsi kilivyozaliwa, maana hakikuzaliwa katika hekima. Kilizaliwa katika kosa, na kosa lile tulilifanya sisi wenyewe tunaoandika kurasa hizi.

Lakini mbele ya kufika kwa kosa lile, yafaa turudi nyuma sana, kusudi msomaji aone Kanisa letu liliishi kwa mali ya nani.

Wazee wetu walipobatizwa hawakuombwa kitu kikubwa. Misioni ilikuwa na mali yake. Tarehe 26 Mei 1906 Kiti Kitakatifu na Leta ya Kongo ya Mfalme Leopold II walipatana kwa maandiko kwamba kila misioni itapewa udongo wa kulima, hektari 100, na pengine hata 200, bure na kwa daima. Misioni kwa upande wake itafungua masomo. Katika mwaka ule ule Mapadri Weupe walifungua misioni ya Nyangezi, upande wa kusini wa Ziwa Kivu, na kutoka kule Injili ikapanda pole pole kuelekea kwetu. Katika mashamba ya namna ile mlitoka chakula cha masomo, matofali ya makanisa, na miti ya mbao. Tusifiche neno: Leta ilitoa udongo ambao babu zetu walikuwa wakiulima na kuchungia mifugo yao, na hawakuulizwa. Kwa hivi toleo la kwanza la kudumu katika Kanisa la Kongo lilitoka mkononi mwa mtu asiyekuwa mwenye kitu.

Feza nazo zilitoka Bulaya, na hapa mambo ni mengine, maana waliotoa walitoa chao wenyewe. Katika muji wa Lyon, mwaka 1822, msichana mmoja jina lake Pauline Jaricot aliwapanga watu kumi kumi, wengi wao wafanyakazi, na kila mmoja alitoa sarafu ndogo kila juma kwa ajili ya misioni. Ni hapo ilipozaliwa Kazi ya Uenezaji wa Imani. Katika muji wa Caen, mwaka 1889, mama mmoja, Stéphanie Bigard, na binti yake Jeanne, walipata barua ya Askofu Cousin wa Nagasaki, huko Japani, aliyelia kwamba atalazimika kuwarudisha nyumbani maseminari wake kwa kukosa feza. Wale wanawake wawili wakaanza kuwatafutia wafadhili, na kazi yao ikawa Kazi ya Mtakatifu Petro Mtume, inayosaidia seminari katika nchi za misioni hata leo. Mtu alitoa feza ya kumlea mseminari mmoja, na wengine waliacha feza ile katika wosia wao, kusudi akimaliza mmoja aingie mwingine.

Sisi tuliopita katika seminari ndogo tulikula bugali na maharagi miaka yote ile pasipo kujiuliza nani amelipa. Siku moja padri mwalimu wetu alituambia katika refektwari kwamba huenda chakula hiki kimelipwa na mama mzee aliyekufa mbele ya sisi kuzaliwa, ambaye hakuona Afrika hata katika picha. Tulicheka, maana tulikuwa watoto. Neno lile lilibaki ndani yetu, na tulikuja kulifahamu miaka mingi baadaye, kwa namna ya uchungu kama mtakavyosoma.

Tarehe 10 Novemba 1959 Papa Yoane XXIII aliweka jerarkia ya Kanisa katika Kongo, na miezi saba baadaye nchi ikapata uhuru. Askofu wa kwanza wa Goma, Mheshimiwa Yosefu Mikararanga Busimba, aliongoza diosezi tangu mwaka 1960 hata mwaka 1974. Mheshimiwa Faustin Ngabu akamfuata hata mwaka 2010. Mwaka 1961 Maaskofu wa Kongo walikuwa wamekwisha kuchagua njia ya jumuiya za kikristu zilizo hai, ambazo kwetu tunaziita mashirika. Uchaguzi ule ulikuwa wa roho, lakini ulikuwa vile vile wa mfuko. Maana ilionekana wazi kwamba Bulaya haitalipa siku zote. Kiisha zikaja siku za Zaire: mwaka 1974 Leta ilichukua masomo ya Kanisa, na haikuyarudisha mpaka mapatano ya Februari 1977. Wale waliodhani kwamba Kanisa ni tajiri waliona kwa macho yao kwamba mali yake inaweza kuondoka kwa maneno ya redio.

Basi mashirika yakajifunza kutoa. Mama alileta kikapu cha maharagi, baba alileta siku moja ya kazi ya kupasua mawe, mwalimu wa masomo alileta sehemu ya mshahara, siku zile mshahara ulipokuwapo. Hayo ni matoleo ya leo, kwa haja za leo. Nani aliwaza matoleo ya kesho? Waliwaza wachache, na walipigwa vibaya. Tuseme kidogo juu ya pigo lile, maana hakuna anayeweza kufahamu woga wa watu wa Goma juu ya akiba kama hajui historia ya feza yetu.

Mwaka 1967, zaire ilipozaliwa, zaire moja ilikuwa sawa na dolari mbili. Siku za Noeli ya mwaka 1979 ilitangazwa ghafula kwamba noti za zaire 5 na za zaire 10 hazina thamani tena, na mtu anaweza kubadilisha kiasi fulani tu, kwa siku chache tu. Wazee wetu wanaeleza juu ya mchuuzi mmoja aliyekuwa akitunza michango ya mabati ya kanisa ndani ya sanduku chini ya kitanda chake, yote katika noti zile. Alikimbia banki na sanduku kichwani, akarudi nalo. Wanasema kwamba noti zile zilitumiwa na watoto kwa kucheza duka. Mwezi wa Oktoba 1993 ikaja zaire mpya: moja kwa zaire za zamani 3,000,000. Mwaka 1998 ikaja franka ya Kongo: moja kwa zaire mpya 100,000. Mwenye kujua hesabu atazidisha na kuona kwamba franka moja ya mwaka 1998 ilimeza zaire za kwanza 300,000,000,000. Mkristu ambaye mwaka 1967 angeliwekea parokia zaire 1,000 katika banki, yaani dolari 2,000, feza ya kujenga nyumba nzuri, hangeliacha hata sehemu ya sarafu. Hakuibiwa na mtu. Feza ilikufa yenyewe mbele ya mwenyewe kufa.

Wengine walisema: basi tuache kahawa. Mwaka 1989 mapatano ya dunia juu ya bei ya kahawa yalivunjika, bei ikaanguka, na wenye kahawa katika Kivu wakang'oa mikahawa wapande maharagi. Wengine walisema: basi tuache udongo, maana udongo haufi. Ni neno la wazee, nasi tuliliamini. Lakini tunakaa Goma. Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ilipasuka, lava ikashuka katikati ya muji mpaka ziwani, ikameza kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu, maduka, masomo, makartie mazima. Watu wapata 120,000 wakabaki bila nyumba. Siku chache baadaye tuliwaona watu wakitembea juu ya mawe yaliyokuwa moto bado, na kamba mikononi, wakitafuta ukutani mwa nani ulipokuwa mpaka wa parsela yao. Aliyekuwa na karatasi alipima na kujenga tena juu ya lava. Aliyekuwa hana karatasi alibishana na jirani. Tuliliona jambo lile kwa macho yetu, tukiwa vijana, na hata hivyo hatukujifunza neno.

Sasa tufike kwenye kosa.

Miaka michache nyuma ya lava ile tulikuwa tumekwisha kupewa kazi ya ukatekista. Katika shirika letu kulikuwa na mama mmoja mjane, mzee, mgonjwa wa miguu, ambaye hakuweza tena kwenda Misa. Kila juma tulimpelekea Neno la Mungu, na Padri alimpelekea Komunyo ya mwezi. Alikuwa na parsela ndogo iliyoponea lava kwa urefu wa nyumba mbili tu, na yeye alisema kwamba Mungu aliiacha kwa sababu. Siku moja alituambia: «Mwalimu, mimi sina kitu kingine. Nikifa, parsela hii itakuwa ya Kanisa. Mutajenga humu nyumba ya mayatima.» Tulijibu: «Ndiyo, Mama. Mungu akubariki.» Alilirudia neno lile mara nyingi kwa muda wa miaka miwili, na kila mara tulijibu vile vile. Tulimwambia Padri, Padri akafurahi. Hatukuandika kitu. Hatukumwuliza kama watoto wake wanajua. Hatukumwuliza kama karatasi za parsela ziko kwa jina lake au kwa jina la marehemu mume wake. Tuliona haya, maana kwetu kumwuliza mzee maswali kama hayo ni kama kumsukuma kaburini.

Alikufa katika majira ya mvua. Shirika lilikesha kilioni siku zote, likabeba jeneza, likaimba. Kiisha, pale kaburini, mkubwa wa shirika alisimama akasema kwa sauti kwamba marehemu ameacha parsela yake kwa parokia. Watoto wake watatu walikuwa pale. Wawili walikuwa wametoka safari ya mbali. Walitazamana. Binti mkubwa akatugeukia akasema: «Mwalimu, umeingia kwa mama kila juma miaka miwili. Namba yangu ya telefone unayo. Mbona neno hili ninalisikia hapa, mbele ya kaburi?»

Hatukuwa na jibu. Hatuna hata leo.

Yaliyofuata tuyaseme kwa ufupi. Shirika liligawanyika. Wengine walitaka twende tribinali. Wengine walitaja laana, jambo ambalo Padri alilikemea kwa nguvu katika mahubiri. Mkristu mmoja aliye avoka alitusomea Sheria ya Jamaa ya tarehe 1 Agosti 1987, na tukaona kwamba hatukuwa na haki hata nusu. Kwa sheria ile wosia wa mdomo unakubaliwa tu mtu anapokuwa karibu ya kufa, mbele ya mashahidi wawili walio watu wazima, na kwa mambo madogo. Tena watoto wana haki ya robo tatu ya urithi, na wosia hauwezi kuigusa sehemu yao. Padri akakata neno: parokia haitadai kitu. Watoto waliuza parsela, kila mmoja akaenda na sehemu yake. Leo pana nyumba ya orofa pale, na duka la saruji chini yake. Tunapita mbele yake tunapokwenda sokoni.

Wengine wanasema kwamba watoto wale walikuwa na tamaa. Sisi tuliokuwapo hatukubali. Walimlisha mama yao kwa kumtumia feza kila mwezi, na walisikia kwa mara ya kwanza, mbele ya watu mia, kwamba mama aliwaficha jambo. Tuliwaibia kilio chao. Kosa lilikuwa kwetu, katika ukimya wetu tuliouita heshima.

Nyuma ya jambo lile Padri alituita, sisi na avoka yule, na mama mmoja mwalimu wa masomo ya sekondari anayejua hesabu, na mzee mmoja aliyewahi kuwa karani wa komini. Alitupa Kitabu cha Sheria za Kanisa cha mwaka 1983, akatuonyesha kanoni 1299 hata 1310. Ilikuwa ajabu kwetu kuona kwamba Kanisa lilikwisha kuyawaza yote. Mtu anayeacha mali kwa kazi njema, inapowezekana afuate sheria ya Leta katika kuandika. Na kama hakuifuata, warithi wanaonywa juu ya wajibu wao, wala hawanyang'anywi. Parokia haiwezi kupokea msingi wa kudumu pasipo ruhusa ya Askofu kwa maandiko. Hata neno lililosemwa kwa mdomo liandikwe, nakala moja ikae kuria, nyingine ikae parokia. Paroko awe na kitabu ambamo kila wajibu umeandikwa. Feza iliyotolewa kwa jambo moja isitumiwe kwa jambo jingine: hiyo ni kanoni 1267. Na wasimamizi watoe hesabu mbele ya waamini: hiyo ni kanoni 1287, ambayo, kwa heshima yote tuliyo nayo kwa Mapadri wageni wetu, inasomwa mara chache kuliko nyingine.

Kutoka hapo tulijiwekea njia. Mtu anayetaka kuacha kitu, kwanza tunamwuliza juu ya watoto wake, kiisha tunawaita watoto wenyewe, na mazungumzo yanafanyika nyumbani kwake, wakiwapo. Kama hawakubali, tunakunywa chai tunarudi. Parsela ambayo ni makao pekee ya familia hatuipokei, hata mtu akilia. Na mjane ana haki ya kukaa katika nyumba ya mume wake, sheria yasema hivyo. Wosia unaandikwa kwa mkono wa mwenyewe, wote tangu mwanzo hata mwisho, na tarehe na sahihi. Asiyejua kuandika anapelekwa kwa notere au kwa karani wa komini anayeandikisha vizazi na vifo. Juu ya udongo, padri ekonomo alitueleza jambo tulilokuwa hatujui: kwa sheria ya tarehe 20 Julai 1973 udongo wote ni wa Leta, na haki ya kudumu juu ya parsela inapewa Mkongomani aliye mtu, haipewi chama wala Kanisa. Parsela ikiingia mikononi mwa diosezi, karatasi zake hubadilika kuwa za muda, za miaka isiyozidi 25, na muda ukiisha lazima zifanywe upya. Kwa hivi anayetoa parsela anatoa pia kazi ya kukumbuka tarehe. Sisi tunaziandika kwa wino mwekundu.

Kuweka njia ni jambo moja. Kupata watu wa kuipita ni jambo jingine. Tulipoeleza mara ya kwanza katika shirika, mzee mmoja alisimama akauliza: «Mwalimu, mnataka tukufe lini?» Watu walicheka, lakini hakuna aliyekuja. Kwetu anayeandika wosia anajiitia kifo. Tena kulikuwa na maneno ya chini kwa chini, kwamba Mapadri wanatafuta namna mpya ya kula. Miezi mingi ikapita hivyo. Mama mwalimu ndiye aliyesema katika kamati kwamba tunawaomba watu jambo ambalo sisi wenyewe hatujalifanya. Ni kweli, tulikuwa hatujalifanya. Tuliandika wosia wetu usiku ule. Hatukuwa na kikubwa: vitabu vyetu, na mistari miwili ya mikaratusi nyuma ya nyumba ya baba yetu katika Masisi, ambayo ndugu zetu walikubali ikatwe kwa ajili ya maskini wa shirika. Mkaratusi ukikatwa unachipuka tena. Ndiyo sababu tuliuchagua. Kwa ajili ya vita hatujaweza kwenda kuiona miti ile siku nyingi, na labda imekwisha kuwa makala.

Wa kwanza aliyekuja kutoka nje ya kamati alikuwa mwendesha chukudu. Alikuja na jasho, akaegemeza chukudu yake ukutani mwa ofisi, akasema anataka iandikwe. Akifa, shirika liikodishe kwa kijana asiye na kazi, na malipo ya kila juma yanunue sabuni na chumvi kwa wagonjwa. Tulitaka kumwambia kwamba chukudu haidumu. Mzee karani akatunyamazisha kwa jicho, akaandika. Mtu yule alikufa mbele ya sisi kutarajia. Mke wake alikubali, na watoto wake walikuwa wamekwisha kulisikia neno kutoka kwa baba yao mwenyewe. Chukudu ilifanya kazi karibu miaka miwili, ikavunjika gurudumu, ikatengenezwa, ikavunjika mgongo. Siku hiyo tuliandika katika kitabu kwamba wajibu umekwisha, maana kitu kimekwisha, na Padri akatia sahihi. Hatukumbuki toleo lililofanyiwa hesabu safi kuliko hilo.

Nyuma ya chukudu watu waliacha kuogopa, si wengi, lakini kila mwaka mmoja au wawili. Mama mmoja mshonaji aliacha mashini mbili za kushona. Wasichana wanajifunzia katika chumba nyuma ya kanisa, na anayemaliza anashona nguo za watumishi wa altare bure mwaka mmoja. Familia moja, ambayo wazazi walikuwa na parsela tatu, iliacha nyumba moja ya vyumba vinne kwa mapatano ya watoto wote, nao wote walitia sahihi. Vyumba vinapangishwa, na malipo yanalipa minervali ya mayatima. Tangu Septemba 2019 masomo ya msingi ya Leta ni bure, basi kamati ilikaa na familia ile tena, ikaomba ruhusa yao na ya Askofu kusudi feza iende kwa wanafunzi wa sekondari. Kulikuwa na mtu aliyesema tunapoteza wakati kuuliza, kwa kuwa nyumba ni yetu. Alijibiwa kwamba nyumba ni yetu lakini neno ni lao.

Hapa tuongeze jambo dogo, kwa faida ya wanaopenda lugha. Sisi Wakatoliki tunasema kwamba altare au mtu amewekwa wakfu, tena tunalisema kama neno la kanisani tu. Neno hili tumelipokea kutoka kwa ndugu zetu Waislamu wa pwani. Kwao wakfu ni nyumba, shamba, au minazi ambayo mtu ameifunga: haiuzwi, hairithiwi, hupewi wewe wala mimi, bali matunda yake yanakwenda msikitini au kwa maskini. Katika Mombasa na Zanzibar kuna kamisheni nzima za kusimamia mali hizo. Kwa hivi tunapobariki altare tunataja, pasipo kujua, nyumba ya kupangisha ya mzee fulani wa pwani. Mzee karani wetu alipolisikia hilo alifurahi kuliko aliposikia kanoni zote.

Feza taslimu hatupendi kuipokea katika wosia, na msomaji anajua sababu. Hata hivyo malipo ya nyumba lazima yakae mahali. Tuliyaweka banki, kwa dolari, tukadhani tumekuwa na akili kuliko mchuuzi wa mwaka 1979. Mwishoni mwa Januari 2025 vita viliingia muji, na banki za Goma zikafunga milango. Feza ya minervali ilikuwa ndani, wanafunzi walikuwa nje. Katika miezi ile mashini mbili za kushona ndizo zilizotoa kitu, maana watu waliendelea kurarua nguo zao, na chumba kimoja cha nyumba ile kilikaliwa na familia iliyokimbia, bila malipo. Kamati iliandika hata hilo: miezi mingapi, na kwa nini hawakulipa. Wengine walituuliza sababu ya kuandika hasara. Tuliwaambia kwamba anayekuja kusoma kitabu hiki nyuma yetu atataka kujua feza ilikwenda wapi, na sisi hatutakuwapo tumweleze.

Tarehe 2 Novemba ya kila mwaka, katika Misa ya Marehemu wote, nyuma ya Komunyo, tunasoma majina ya waliokwisha kufa kati ya wale walioandikwa katika Kitabu cha Wosia. Orodha ni fupi, haipiti dakika mbili. Jina la kwanza ni la Mama yule mjane. Kulikuwa na mabishano katika kamati, maana mmoja wetu alisema kwamba hakuacha kitu kilichofika kwa parokia, na kitabu kinapaswa kusema kweli. Tulikubali kwamba kiseme kweli. Jina lake limeandikwa, na katika nafasi ya kuonyesha kitu kilichopokelewa hakuna neno. Binti yake mkubwa anasali siku hizi katika parokia nyingine ya muji. Tumeomba Baraza limpelekee nakala moja ya kitabu hiki cha Yubile, na limekubali.